Alama ya Penseli Kando ya Tembo

Neema na wenzako wa ofisini,

Saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga nimeitundika sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Ni nzuri na haikosei, ingawa bado najiuliza mlifikiria nini kumpa saa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Khanga nimezivaa. Keki iliisha siku ileile, wajukuu walihakikisha.

Mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, ili mnaobaki mjue. Nimekaa na kalamu wiki tatu. Vyeo sitavitaja, vilikuwa viwili tu, na vyote nilivipata kwa sababu aliyekuwa navyo alihamia Dodoma. Mshahara nao tuuache upumzike. Nitaandika habari za siku ya kwanza, za soksi ya majivu, za Sista Edeltrauda, na za ule ukurasa wa tembo ambao mmekuwa mkiwasomea wageni kwa sauti miaka yote hii, huku mimi nikijifanya natafuta kitu kwenye droo. Ukurasa ule una kasoro, na mwenye kasoro ni mimi. Nitafika huko. Niacheni nianzie mbali kidogo.

Nilizaliwa Lizaboni, hapahapa Songea. Baba alikuwa seremala, na kwenye karakana yake ilining'inia kalenda ya zamani aliyopewa na mzungu mmoja wa misheni. Ilikuwa na picha ya kisiwa: mnazi ulioinama, mchanga mweupe, na ndege mwenye rangi zote nilizozijua na mbili nisizozijua. Chini yake palikuwa na maandishi ya kigeni, na baba aliyatafsiri kwa kubahatisha: "Nchi za joto." Basi nikaishi na nchi za joto kichwani, nikiwa nimekaa juu ya maranda ya mbao, na mama akiita mara tatu kabla sijasikia. Sikujua kwamba na sisi tumo. Mtu yeyote aliyewahi kuoga maji ya ndoo Songea mwezi wa sita atanielewa.

Nilipomaliza shule na kozi ya uchapaji, nikasikia kuna ofisi ya kupeleka watu safari, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule, si mbali na soko. Mwenyewe alikuwa Mzee Fabian, mtu mwembamba aliyewahi kuwa bwana misitu, aliyevaa sweta la kijani kiangazi na masika na kunywa chai bila sukari kwa namna ya kumlaumu aliyeweka sukari. Niliingia na bahasha ya vyeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeona nini?"

Nikaanza kutoa vyeti. Akaviweka pembeni bila kuvifungua.

"Sikukuuliza umesoma nini, binti. Nimekuuliza umeona nini."

Nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Nikiwa na miaka tisa, tulikwenda kuokota kuni upande wa Matogoro, nikajitenga na wenzangu nikafuata kijito. Nikaona fisi maji wawili wakicheza juu ya jiwe. Mmoja alikuwa ameshika kaa mkononi akimla taratibu, kama mtu anayekula hindi la kuchoma. Nilikaa pale hadi nikapotea, nikatafutwa, nikachapwa.

Mzee Fabian aliacha chai yake. "Upepo ulitoka wapi?"

"Upepo?"

"Ndiyo, upepo. Ulitoka kwao kuja kwako, au kwako kwenda kwao?"

"Sikumbuki, mzee."

"Jifunze kukumbuka," akasema, akanionyesha kiti. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku hiyohiyo akanionyesha daftari la macho. Ninyi mnalijua, lile kaunta buku jeusi lililofungwa kwa kamba ya mkonge, lakini hamjui lilivyokuwa likiogopwa. Sheria ilikuwa moja. Hakuna aliyeruhusiwa kumuuzia mgeni mahali ambapo hajaandika ukurasa wake mwenyewe, na ukurasa ulipaswa kuwa wa alichokiona kwa macho yake, pamoja na mwezi, saa na upepo. Uliyoyasikia yaliandikwa kwenye daftari lingine dogo, daftari la masikio, ambalo karatasi zake tuliwashia jiko la chai. "Asiye na ukurasa hana kiti," alipenda kusema Mzee Fabian, na kiti chenyewe kilikuwa kimoja, cha plastiki.

Kifaa chetu kikuu hakikuwa darubini. Darubini ilikuwepo, jicho moja limeota ukungu ndani, ukitazama nalo kila mnyama anakuwa yuko kwenye mvua. Kifaa chenyewe kilikuwa soksi ya mtoto mchanga iliyojazwa majivu ya jikoni yaliyochekechwa. Unaitikisa, vumbi jeupe linatoka, unaangalia linakoelekea. Mzee Fabian aliitikisa hata ofisini, kwa mazoea, wateja wakipiga chafya. Mimi niliona ni kituko cha uzee na sikuuliza maana yake, kosa la kwanza katika orodha ndefu.

Miezi ile ya mwanzo niliandika kurasa zangu kwa furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Nilishuka Mbamba Bay nikaona samaki wadogo wa buluu kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, maji meupe kiasi kwamba kivuli cha samaki kilikuwa chini yake kikimfuata. Niliona wingu la wadudu likiinuka katikati ya ziwa, refu, jeusi, likitembea juu ya maji bila haraka. Niliona miombo ikitoa majani mapya kabla ya mvua, msitu mzima mwekundu, na palahala dume amesimama ndani ya wekundu ule na pembe zake zimepinda hadi mgongoni. Niliporudi ofisini nilikuwa bado kule. Mwalimu mmoja wa Namtumbo alikuja kuulizia basi la Mbeya, nikamsimulia ziwa hadi chai ikapoa, akaondoka na safari ya siku nne Mbamba Bay na mkewe, na Mbeya sidhani kama alifika. Mzee Fabian alinung'unika kwamba ninaota macho wazi. Lakini wateja walirudi.

Ndipo ikaja habari ya tembo. Huko kusini, mbele ya Lusewa, kuna mahali tembo huvuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji na kurudi. Hakuna aliyekuwa na ukurasa wake. Mzee Fabian aliamua niende mimi, na dereva wetu mpya, Rashidi.

Rashidi alikuwa Myao wa Tunduru, kijana mrefu mwenye korosho mfukoni na neno la kuchekesha mdomoni. Aliajiriwa kwa sababu alimwambia Mzee Fabian kwamba tembo wa mto ule anawajua tangu utotoni, kwani marehemu baba yake alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi palepale kwenye kivuko chao. Mzee Fabian alimtazama na kusema, "Tutaona." Kwake hilo halikuwa neno la kupita tu.

Tuliondoka mwezi wa saba, mimi nikiwa nimejaa msisimko. Usiku wa kuamkia safari sikulala, wala usiku wa pili kijijini sikulala. Alfajiri tukafika mtoni. Askari wa wanyamapori wa kijiji alituweka nyuma ya kichuguu kikubwa ukingoni, akatuambia tusiongee, naye akarudi nyuma kulinda njia tuliyopita. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Ng'ambo hapakuonekana. Nilijifunika khanga kichwani kwa baridi, nikawaza kwamba dunia ilipoumbwa asubuhi ya kwanza lazima ilikuwa hivi, nikaona niwaze na macho yamefungwa kidogo tu.

Nilipoyafungua, jua lilikuwa limetoka.

"Dada Skola," Rashidi alikuwa akininong'oneza, "umelala! Wamepita. Wamepita wote!"

Niliruka. Mto ulikuwa mtupu, lakini maji ya pembeni yalikuwa bado ya tope, yakizunguka. Ukingoni chini yetu palikuwa na nyayo mpya pana kama sinia, na kinyesi kinachofuka moshi. Walikuwa wamepita hatua hamsini kutoka pua yangu. Nililia, sioni aibu kusema. Nililia kwa sababu ya tembo, kisha nikalia kwa sababu ya kiti.

Rashidi alikaa chini pembeni yangu, akanipa korosho, akanisimulia. Jike kubwa liliingia kwanza likapapasa maji kwa mkonga. Watoto wakafuata, na majike mengine yakajipanga upande wa chini ya mkondo ili maji yasiwachukue. Mtoto mmoja alizama hadi ikabaki ncha ya mkonga juu ya maji, kama bomba. Hakukuwa na kelele yoyote isipokuwa maji. Na yule wa mwisho, akasema Rashidi, alipofika katikati alisimama, akageuka, akatazama alikotoka kwa muda mrefu, kama anayehesabu waliobaki. Halafu akavuka.

Niliyaona yote. Hiyo ndiyo hatari ya mtu kama mimi. Alipomaliza kusimulia, nisingeweza kuapa kwamba sikuyaona.

"Kaka Rashidi," nikamwambia, "nikirudi bila ukurasa nimekwisha. Naomba macho yako."

Alitazama mto kitambo. "Chukua tu, dada. Mimi kuandika siwezi sana."

Basi nikaandika. Mzee Fabian aliusoma ukurasa akiwa amesimama, kisha akakaa akausoma tena. Kwenye upepo nilikuwa nimeandika ule niliousikia shingoni nilipoamka: kwamba ulitoka mgongoni kwetu kwenda mtoni. Mzee alichukua penseli kutoka nyuma ya sikio, akaweka alama ndogo ya kuuliza pembeni mwa mstari ule. Hakuuliza kitu.

"Nimekosea mwandiko, mzee?"

"Mwandiko mzuri. Ukurasa huu utaumalizia siku nyingine."

Nikamshukuru Mungu, nikakalia kiti changu.

Ukurasa ule ukawa ukurasa wa ofisi. Wageni walikuja kutoka mbali wakiuulizia. Wengi waliwaona tembo kweli, wakarudi na macho yanayong'aa wakisema ni kama nilivyoandika, na mimi nikawa naulizwa maswali ya mtu aliyeona. Nilikwenda mwenyewe mara nne kutafuta macho yangu. Mara ya kwanza hawakuja. Mara ya pili mvua ilichelewa kuisha, mto ukajaa. Mara ya tatu niliugua malaria nikabaki kijijini, wageni wakaenda wakawaona. Mara ya nne nilikaa siku tatu nyuma ya kichuguu kile, macho kama ya bundi, nikaona viboko, nikaona kulungu akinywa maji, nikaona jua likichomoza mara tatu. Nilianza kuamini kwamba tembo wale wana habari zangu.

Miaka kadhaa baada ya hapo nilikuwa miomboni na wageni wawili, nikawaonyesha palahala kwa mbali, nikaitikisa soksi kwa mazoea tu. Majivu yakatoka mkononi mwangu yakaenda moja kwa moja kwa yule mnyama. Sekunde chache baadaye akainua kichwa, akatoweka. Mgeni akauliza amekimbilia nini. Nikawa nafungua mdomo kumjibu kwamba amesikia harufu yetu, kwa sababu upepo umetoka kwetu kwenda kwake, nikasimama na mdomo wazi. Kwa upepo nilioandika mimi, ule wa baada ya kuamka, hakuna tembo duniani ambaye angevuka mto ule mbele yangu. Tangu siku ya kwanza Mzee Fabian alijua.

Nilirudi Songea nikiwa nimeazimia kumwambia. Nikamkuta amelazwa. Nilimpelekea uji wa ulezi, nikakaa kwenye benchi kando ya kitanda, na kila nilipoanza aliuliza habari za ofisi, kama jiko linavuta, kama Rashidi amebadilisha mpira wa nyuma. Mara ya mwisho alinishika kidole akaniuliza, "Ulimaliza?" Nikajibu, "Bado, mzee." Akasema, "Haya," akafumba macho apumzike. Tukamzika kabla mvua hazijaanza.

Mnaweza kusema, alikusamehe, mama, yaishe. Na mimi nilijiambia hivyo. Kisha akaja Sista Edeltrauda.

Alikuwa sista wa Kijerumani, mkunga, aliyekaa upande wa Hanga tangu ujana wake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nusu ya watu wazima wa kule walianza kulia mikononi mwake. Alikuja ofisini na fimbo, akakaa, akavua miwani akaifuta.

"Skola, wananiita nirudi kwetu. Wanasema narudi nyumbani, na mimi nacheka, kwa sababu huko nyumbani sijui hata mkate unauzwa wapi. Nimepokea watoto wasio na idadi. Lakini tembo, unaamini? Sijamwona hata mmoja."

"Hata mmoja, Sista?"

"Wakati wa tembo kulikuwa na mtoto anazaliwa. Siku zote." Akacheka. "Nimesoma ukurasa wako kwenye ile karatasi mliyobandika posta. Yule wa mwisho anayegeuka. Nataka kumwona yule. Nafikiri tutaelewana."

Nilipaswa kwenda naye. Nilisema nina mafua. Sikuwa na mafua, nilikuwa na woga. Sikuweza kukaa nyuma ya kichuguu kile pembeni ya mwanamke yule. Alikwenda na Rashidi, nami nikampa nakala ya ukurasa kama alivyoomba.

Walikaa alfajiri mbili. Tembo hawakuja. Alfajiri ya pili, jua lilipokuwa limepanda na askari wa kijiji akisema turudi, Sista alivaa miwani, akaikunjua ile nakala, akausomea mto kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma masomo kanisani. Rashidi ndiye aliyenisimulia, na alisimulia kwa maneno machache sana kwa mtu kama yeye. Nilidhani amechoka na njia.

Sista aliporudi alipita ofisini kuniaga. Nilianza kuomba radhi kwamba tembo hawakuja. Akaniwekea mkono shavuni.

"Nimewaona kwa macho yako, Skola. Inatosha."

Alikuwa amesimama mlangoni, gari linamsubiri, na nilikuwa na dakika nzima ya kusema ukweli. Dakika nzima ni ndefu, mkitaka kujua itazameni hiyo saa mliyonipa. Sikusema. Aliondoka na nakala ile katikati ya kitabu chake cha sala, na tangu siku hiyo mimi sikuusoma tena ukurasa ule kwa sauti. Mlidhani ni unyenyekevu.

Sasa mnaelewa kwa nini mwezi uliopita, Neema, uliponijia na kusema, "Shikamoo mama, bado daftari hujatukabidhi," nilikujibu kwa ukali kwamba halijakamilika. Nisamehe. Nilikuwa nimelala nalo siku tano kando ya mto wa kitanda, nikijua kwamba nikilikabidhi hivyohivyo, ninawakabidhi sheria ambayo niliivunja mimi nikiwa na siku mia moja kazini. Niliwaza kuuchana ukurasa. Niliwaza kuandika chini yake, "Haya ni ya masikio." Mwishowe nikakuomba gari na Gaspa aliendeshe, nawe hukuuliza sababu. Nakushukuru kwa hilo.

Nilikwenda kwanza Tunduru kumchukua Rashidi. Amestaafu kabla yangu, na macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Anasubiri kufanyiwa upasuaji na anawaogopa madaktari kuliko chui. Nilimkuta barazani anabangua korosho kwa kupapasa.

"Nani huyo?"

"Skola."

"Skolastika! Sauti yako haijazeeka, mengine siyaoni, usiwe na wasiwasi." Kisha nikamwambia ninakotaka kwenda, akaacha kucheka. "Mimi nitakwenda kuona nini, dada? Naona vivuli tu."

"Twende hivyohivyo, kaka. Ukurasa ule ni wetu wawili."

Njia nzima hakusema mengi. Tulilala kijijini, na alfajiri askari, ambaye sasa ni mtoto wa yule wa kwanza, akatupeleka hadi kwenye kichuguu. Kichuguu kimekua. Gaspa alibaki kwenye gari, na kwa taarifa yenu alilala, nami sina haki ya kumlaumu. Ukungu ulikuwa juu ya maji, uleule. Tulikaa. Nilikuwa nimejibana mkono kwa kucha ili nisisinzie.

"Dada Skola," Rashidi akasema kwa sauti ya chini sana. "Kuna neno limenikaa moyoni. Tangu yule sista asome karatasi hapa, sijalala vizuri."

"Sema."

"Siku ile. Mimi pia nililala."

Niligeuka nikamtazama. Alikuwa ameelekeza uso mtoni.

"Wallahi, nililala kabla yako. Nilishtuka nikasikia maji, chubwi, yule wa mwisho anatoka ng'ambo. Sikuona hata mkia. Nikawaza, nimemwambia mzee nawajua tembo, sasa nitamwambia nini? Nikakusimulia aliyokuwa akinisimulia baba. Yote yale ni ya baba. Yeye ndiye aliyeona."

Nilitaka kukasirika. Miaka yote ile niliona aibu kwa kuiba macho ya mtu, kumbe mtu mwenyewe alikuwa ameyaazima. Badala yake kicheko kilinijia tumboni, nikaziba mdomo kwa khanga, na Rashidi alipohisi mabega yangu yanatetemeka alidhani nalia, akaanza kuniomba radhi, na hilo likazidisha. Askari alitufanyia ishara ya hasira kutoka nyuma. Wazee wawili wenye wajukuu, tunakaripiwa kama wa darasa la pili.

Nilipotulia, nilitoa soksi mfukoni nikaitikisa. Majivu yalielea kidogo hewani, kisha yakarudi yote, yakanipiga usoni na kwenye nywele za Rashidi. Ukungu ukaanza kufunguka kwa chini. Na ndani ya ule uwazi, ng'ambo ya mto, nikaona miguu.

"Rashidi," nikasema. "Wapo."

Akanishika mkono. "Niambie. Usiongeze kitu."

Nikamwambia. Nilimnong'oneza sikioni kila nilichokiona, bila kuongeza. Jike kubwa limeingia, linapapasa maji kwa mkonga. Ndiyo, kama alivyosema baba yako. Wanakuja upande wetu. Watoto ni watatu. Majike yamejipanga chini ya mkondo, yameegemea maji. Mtoto mmoja amezama, naona ncha ya mkonga tu, ndiyo, ametokea. Sauti zao hakuna, unasikia maji? Nasikia, alisema Rashidi, nasikia. Machozi yalikuwa yakinitiririka hadi nikaona kila tembo kama kwa ile darubini yetu mbovu, na sikuyafuta kwa kuogopa kupitwa na kitu. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa na miaka tisa, na mama ananiita kwa mbali, na siendi.

Walitoka majini mkono wetu wa kulia, wakipanda ukingo mmoja mmoja. Akabaki wa mwisho, jike jembamba lenye sikio lililochanika. Lilifika katikati.

"Wa mwisho?" akauliza Rashidi. Mkono wake ulikuwa umeshika wangu kwa nguvu. "Amesimama? Amegeuka?"

Nilimtazama tembo yule. Nilimtazama kwa niaba ya Sista Edeltrauda, na ya mzee mmoja wa mtumbwi ambaye sikumjua. Niliomba ageuke. Alipita katikati ya mto bila kupunguza mwendo, akapanda, akajitikisa maji, akaingia kwenye miti kuwafuata wenzake.

Ingekuwa rahisi sana. Rashidi hakuwa na namna ya kujua, na nilijua neno gani lingemfurahisha.

"Hakugeuka, kaka," nikamwambia. "Amekwenda moja kwa moja."

Mto ukatulia kabisa. Halafu nikaona tabasamu likianza kwenye kona ya mdomo wake.

"Basi baba alitia chumvi," akasema. "Mzee yule! Alhamdulillahi. Sasa tumeona."

Daftari utalikuta mezani kwako Jumatatu, Neema. Nimelifunga kwa kamba mpya. Wasomeeni wageni ukurasa wote, ule wa zamani na nilichokiongeza, na wakiuliza kwa nini haviwiani, wapeni chai muwasimulie. Najua kwamba Rashidi aliona vivuli tu na mengine yalipitia sikioni, na Mzee Fabian angeyapinga. Tutabishana nitakapofika aliko. Alama yake ya penseli sikuifuta. Pembeni yake nimeandika kwa kalamu:

Mwezi wa saba, jua linachomoza. Majivu yalitupiga usoni. Tembo kumi na mmoja, watoto watatu. Wa mwisho hakugeuka. Tumeona, Skolastika na Rashidi.